Chumvi Inayoogopa Jua

Kila siku, jua likishapanda juu ya Kisumu, ardhi hupata moto upesi kuliko Ziwa Victoria. Hewa ya nchi kavu hupaa, na ile ya ziwani, iliyojaa unyevu, huingia kushika nafasi yake. Wavuvi wa ufuo wa Dunga, hapo Kisumu, hawahitaji kipimo kuujua upepo huo. Vizazi vya mashua za tanga vimeutegemea kurudi nyumbani. Lakini safari yake haikomei ufukweni. Hupita juu ya nyanda za Kano, hufuata bonde la Nyando, kisha hukutana na ukuta: upande mmoja mteremko wa Nandi, upande wa pili nyanda za juu za Kericho. Ziwa liko takriban mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na Kericho iko karibu mita elfu moja zaidi. Hewa haina pa kwenda ila juu. Ikipanda hupoa, ikipoa mvuke wake hugeuka matone, na ifikapo alasiri mtu aliyesimama Kisumu akatazama mashariki huona mawingu yamejengeka hadi mbinguni.

Dalili ya mvua ni mawingu, na kwa mwenye michai Kericho ni dalili ya hasara. Vitabu vya hali ya hewa vimekuwa vikiitaja sehemu hiyo kwa miaka mingi kuwa kati ya zinazopigwa na mvua ya mawe mara nyingi kuliko zote duniani. Hesabu inayorudiwa sana ni siku 132 kwa mwaka. Kisumu, ambayo maji hayo hutoka mlangoni pake, huyaona mawe hayo mara chache sana. Sababu ni hesabu ya urefu tu. Katika ukanda wa ikweta halijoto hufika sifuri kwenye kimo cha takriban mita 4,700. Jiwe la barafu linaloanguka juu ya Kisumu lina zaidi ya mita 3,500 za hewa ya joto za kupita kabla ya kugusa bati. Juu ya Kericho lina kama mita 2,600. Dogo litayeyuka njiani na kufika kama tone kubwa la mvua. La wastani, kule juu, litafika likiwa jiwe na kuchana majani mawili na chipukizi ambayo mchumaji angeyachuma kesho yake.

Watu walijaribu kuyatawala mawingu haya kabla ya kuwapo maabara. Kaskazini mwa ghuba ya Kisumu, katika nchi ya Wanyore, ukoo wa Nganyi ulijulikana kwa waganga wake wa mvua, waliosoma pepo, miti na nyendo za wadudu na ndege, na kufanya matambiko yao kwenye visitu vitakatifu ambavyo vingine vingalipo. Mashariki, miongoni mwa Wakipsigis na Wanandi, walikuwapo orkoiik wa ukoo wa Talai, walioaminiwa kwa ubashiri na kwa uwezo juu ya mambo mengi, mvua ikiwemo. Serikali ya kikoloni iliwaogopa kwa sababu za siasa, si za hali ya hewa, kwani ndio waliokuwa moyo wa upinzani. Mwaka 1934 ilitunga sheria mahususi ya kuwaondoa, na takriban watu 700 wakahamishwa kutoka Kericho hadi Gwassi, ufukweni mwa ziwa, mahali pa mbung'o na malaria. Hawakurudi hadi uhuru ulipokaribia. Wakati wanaondolewa, michai ya Brooke Bond na ya African Highlands, tawi la James Finlay, ilikuwa na takriban miaka kumi tangu ianze kushika mizizi katika ardhi waliyonyang'anywa Wakipsigis. Sijaona kejeli hii ikitajwa sana: walioaminiwa kuwa na usemi juu ya mvua walishushwa hadi mahali mawingu yanapozaliwa, na waliobaki juu na chai, chini ya miaka thelathini baadaye, wakaanza kutafuta mabingwa wapya wa kuyaamuru.

Mabingwa wa hali ya hewa waliletwa kwanza na ndege. Mwaka 1927 barua zilijaribiwa kusafirishwa kwa ndege kati ya Khartoum na Kisumu, na kufikia 1931 Imperial Airways ilikuwa imeifungua njia yake ya kupitia ziwani. Rubani hawezi kuruka kwa kubahatisha anga. Mwaka 1929 ikaanzishwa huduma ya hali ya hewa ya Afrika Mashariki ya Waingereza, chini ya Albert Walter, aliyetoka Mauritius na sifa ya mtu asiyechoka na takwimu. Kwa miaka ishirini kazi ilikuwa kupima, kuandika na kutabiri. Hakuna aliyelipwa kubadilisha wingu.

Mambo yaligeuka mwaka 1946, mbali na hapa, katika maabara ya General Electric mjini Schenectady, Marekani. Kwanza inafaa kueleza kilichokuwa kikiwasumbua watafiti wake. Tone dogo la maji safi halilazimiki kuganda kwenye nyuzi sifuri za Selsiasi. Linaweza kubaki maji hadi karibu nyuzi 40 chini ya sifuri, kwa sababu chembe za maji hazijui zijipange vipi mpaka zipate kitu cha kushikia mpangilio. Kitu hicho wanasayansi hukiita kiini cha barafu. Wingu refu juu ya Nandi limejaa matone ya namna hiyo, baridi kupita kiasi lakini bado maji, yanayosubiri. Anayeyapatia kiini ndiye anayeamua yageuke nini.

Julai mwaka ule Vincent Schaefer wa maabara hiyo aliona kwamba kipande cha barafu kavu kikiingizwa kwenye jokofu lenye ukungu hugeuza ukungu wote kuwa fuwele. Tarehe 13 Novemba alipanda ndege akaimwaga barafu hiyo juu ya wingu, na wingu likaanza kumwaga theluji. Mwenzake, Bernard Vonnegut, alikuwa akichambua majedwali ya fuwele akitafuta kitu ambacho mpangilio wake ungelingana na ule wa barafu kiasi cha kuyahadaa maji. Jaribio lake la mwanzo lilishindwa kwa sababu dawa aliyoitumia haikuwa safi. Tarehe 14 Novemba, siku moja baada ya safari ya Schaefer, alipata jibu: ayodaidi ya fedha, chumvi ya fedha na ayodini. Fuwele zake zinakaribiana na za barafu kwa tofauti ya asilimia moja au mbili tu, na huyagandisha matone kuanzia nyuzi 4 hivi chini ya sifuri. Gramu moja ikichomwa vizuri hutoa matrilioni ya chembe. Wasomaji wa riwaya huenda wanamjua zaidi mdogo wake, Kurt, aliyeandika mwaka 1963 juu ya barafu inayogandisha dunia nzima. Aliyafahamu mazungumzo hayo kwa kuwa naye alifanya kazi General Electric.

Sasa, ayodaidi ya fedha ina tabia mbili ambazo kwa kazi hii zingepaswa kuikataza. Ya kwanza ni kwamba haiyapendi maji. Haiyeyuki ndani yake kwa kiasi cha kutajika, na sehemu kubwa ya uso wake huyakwepa. Mwaka 1961 Albert Zettlemoyer na wenzake wa Chuo Kikuu cha Lehigh, Pennsylvania, walieleza kwa nini huo si ubaya. Ungekuwa uso unaopenda maji kote, yangetandaa juu yake kama shuka na kubaki yalivyo. Ungekuwa unayakataa kote, yangeviringika kama kwenye jani la nduma na kuondoka. Uso wa ayodaidi una madoa machache yanayopenda maji yaliyotawanyika katikati ya eneo linaloyakwepa. Maji hujikusanya kwenye madoa hayo, hupanda juu badala ya kutandaa, na katika kirundo hicho ndimo barafu huanzia. Kwa hiyo ukinzani wenyewe ni sehemu ya kazi.

Tabia ya pili ni kwamba inaogopa mwanga. Hili lilijulikana zamani kuliko ndege: Louis Daguerre, mwaka 1839, alipata picha zake kwa bamba la fedha lililofukizwa kwa mvuke wa ayodini, yaani kwa kutengeneza ngozi nyembamba ya chumvi hiyohiyo na kuiacha iguswe na mwanga. Miali huivunja, ayodini hutoka, chembe ndogo za fedha hubaki, na uso haubaki ule uliokuwa. Mwaka 1951 mtafiti Edward Inn alionyesha kwamba chembe za ayodaidi ya fedha zikiachwa kwenye mwanga wa urujuanimno hupoteza uwezo wa kutengeneza barafu. Wenzake wa Australia waliupeleka uchunguzi huo nje ya maabara: katika miaka ya 1950 walipima moshi uliotolewa ardhini na mlimani, wakakuta uwezo wake unapungua haraka kadiri unavyosafiri mchana. Wamarekani kadhaa, Vonnegut akiwa mmoja wao, waliona hasara hiyo inatiliwa chumvi. Ubishi uliendelea miaka mingi, lakini mtu anayekusudia kufanya kazi hii chini ya jua la ikweta hakuwa na anasa ya kuupuuza.

Afrika Mashariki haikukawia kujaribu. David Arthur Davies, Mwelshi aliyekuwa mkurugenzi wa Idara ya Hali ya Hewa ya Afrika Mashariki, na ambaye tangu 1955 angekuwa Katibu Mkuu wa Shirika la Hali ya Hewa Duniani kwa zaidi ya miaka ishirini, aliongoza majaribio ya kuchochea mvua huko Kongwa, Tanganyika, mwaka 1952. Kongwa tayari ilikuwa jina la kuonea aibu, kwa kuwa mradi wa karanga wa serikali ya Uingereza ulikuwa umefia hapohapo kwa ukame na majivuno. Waliyatumia maputo kupeleka baruti na chumvi ya kawaida juu mawinguni. Davies aliyaandika matokeo katika jarida la Nature mwaka 1954, kwa lugha ya mtu anayejua kwamba mvua iliyonyesha baada ya puto haithibitishi kwamba puto ndilo lililoileta.

Kericho nao walitaka mvua, ila bila mawe yake. Kuanzia 1963, mwaka wa uhuru, walijaribu roketi. Wazo lilitoka Italia, ambako wakulima wa zabibu walikuwa wakilipua mawingu kwa muda mrefu, na ambako mwaka 1960 Ottavio Vittori alitoa hoja ya kuwapa heshima ya kisayansi: wimbi la mlipuko huenda linalipasua jiwe la barafu kwa ndani, likawa laini na kuvunjika linapoanguka. Roketi zenye baruti kali zilirushwa kutoka katikati ya michai kila dhoruba ilipokaribia. H. W. Sansom wa Idara ya Hali ya Hewa aliyafuatilia majaribio hayo na kuyaandika. Walikuwapo walioapa kwamba mawe yalifika yakiwa tope. Mimi naamini waliona tope. Mvua ya mawe laini hunyesha pia siku ambazo hakuna aliyerusha chochote.

Kabla muongo haujaisha kampuni za chai zilikuwa zimehamia kwenye dawa ya Vonnegut. Aliyepewa kazi ni Thomas Henderson na kampuni yake ya Atmospherics, ya Fresno, California. Ndege ndogo zilikaa tayari alasiri, saa ambazo pepo za ziwa huwa zimefika ukutani. Wingu likianza kutisha, rubani aliingia chini ya tumbo lake, mahali hewa inapopanda kwa nguvu, na kuwasha mienge ya ayodaidi ya fedha iliyofungwa kwenye mbawa. Hewa ndiyo iliyoubeba moshi hadi kwenye matone yanayosubiri. Njia hiyo iliipunguzia chumvi safari ya juani: badala ya kusafiri kutoka ardhini mchana kutwa, ilitoka kwenye moto na kuingia kwenye giza la wingu kwa dakika chache.

Hesabu waliyoitegemea ni ya ushindani. Maji yaliyo baridi kupita kiasi ndani ya wingu yana kiasi chake. Viini vikiwa vichache, kila jiwe hujilisha likawa kubwa. Viini vikiwa vingi mno, chakula hugawanyika, mawe hubaki madogo, na zile mita 2,600 za hewa ya joto hupata nafasi ya kuyamaliza. Kazi iliendelea hadi katikati ya miaka ya 1970, na taarifa za Henderson zilisema hasara kwa kila dhoruba ilipungua. Kampuni zililipa, na kampuni za chai hazilipi kwa mapenzi.

Hata hivyo hapa ndipo ningetaka msomaji asimame kidogo. Kericho ilikuwa kazi ya kibiashara. Mwenye shamba hataki wingu lake liachwe kwa kura ili wengine wapate takwimu safi. Anataka kila wingu lipigwe. Matokeo yake ni kwamba dhoruba zilizotibiwa zililinganishwa na ambazo hazikutibiwa kwa sababu nyingine kabisa, kama vile kuchelewa kwa ndege au kuanza kwa giza, na dhoruba mbili si pacha. Walipojaribu kwa kura kwingineko majibu yalikuwa baridi. Mradi wa taifa wa Marekani huko Colorado, kati ya 1972 na 1974, haukuona upungufu unaoweza kuaminika. Jaribio kubwa la Uswisi, kati ya 1977 na 1981, lililotumia roketi za mtindo wa Kisovieti, liliishia hapohapo. Sisemi Henderson alidanganya. Nasema tone moja kati ya mabilioni halina shahidi, na aliyekuwa na daftari alikuwa pia na mkataba.

Wakati ndege zinaelekezwa juu, mtu mmoja alikuwa ameinama chini. Russell Schnell alikuwa amefanya kazi na Gabor Vali katika Chuo Kikuu cha Wyoming, na mwaka 1972 wawili hao waliandika katika Nature kwamba majani yanayooza hutoa viini vya barafu vyenye nguvu ya kushangaza. Miaka miwili baadaye Leroy Maki na wenzake walitaja mhusika mmoja, bakteria aitwaye Pseudomonas syringae, anayeishi juu ya majani na anayegandisha maji kwenye nyuzi mbili tu chini ya sifuri. Hiyo ni kazi bora kuliko ya ayodaidi ya fedha, tena bila ndege. Schnell akaja Kericho. Wazo lake lilikuwa la mtu anayetazama miguu ya watu: chini ya kila mchai kuna tandiko la majani makavu na yaliyooza, na kila siku wachumaji walipita humo kwa maelfu wakilitimua. Vumbi hilo lilipaa mchana, saa ileile ambayo upepo wa ziwa unapanda mteremko. Mwaka 1982, pamoja na S. N. Tan-Schnell, alichapisha katika jarida la Tellus ushahidi kwamba majani hayo ya michai ya Kenya ni chanzo cha viini vya barafu.

Fikiria maana yake. Kampuni zilikuwa zikilipia kupandwa kwa viini mawinguni kwa dola za California, huku vibarua waliolipwa kwa kilo wakivipandisha vingine bure kwa nyayo zao. Ikiwa vya wachumaji vilikuwa vichache, huenda ndivyo vilivyoanzisha mawe. Ikiwa vya Henderson vilikuwa vingi, huenda vilivigawia njaa. Yote mawili yanaweza kuwa kweli katika wingu moja.

Bakteria yule ameendelea kuwapa watu kazi. Utafiti uliochapishwa katika Science Advances mwaka 2016 ulionyesha kwamba protini iliyo juu ya ngozi yake huyapanga maji kwa kutumia sehemu zinazoyapenda na sehemu zinazoyakwepa, zikipishana. Ni kanuni ya Zettlemoyer tena, safari hii ikiwa imetengenezwa na kiumbe hai. Na mwanga, uliokuwa adui wa chumvi ya Vonnegut, umegeuzwa kuwa mkono wa kushikia tone. Mwaka 1997 watafiti wa Japani walieleza katika Nature uso wa oksidi ya titani ambao ukimulikwa kwa urujuanimno maji hutandaa juu yake, na ukikaa gizani huanza tena kuyakusanya. Mwaka 2000 Kunihiro Ichimura na wenzake waliandika katika Science jinsi walivyolitembeza tone juu ya bamba lililopakwa molekuli zinazojikunja na kujikunjua kwa rangi ya mwanga: upande unaomulikwa hulivuta, ule mwingine huliachilia, nalo huhama bila kuguswa. Matumaini ni kupima damu au maji kwa tone dogo badala ya kichupa kizima. Kwenye bamba la maabara anayemulika ndiye anayeamua. Juu ya Nandi hakuna bamba.

Huenda ndiyo maana ukanda wa ziwa umerudi kwenye kazi ya Walter, ya kutabiri. Tangu mwaka 2008 hivi, waganga wa mvua wa Nganyi wamekuwa wakikaa meza moja na Idara ya Hali ya Hewa ya Kenya, kituo cha tabianchi cha jumuiya ya IGAD na Chuo Kikuu cha Maseno, kila upande ukileta utabiri wake wa msimu, kisha wakautoa mmoja kwa wakulima. Kati ya 2017 na 2020 mradi wa Shirika la Hali ya Hewa Duniani ulishughulikia dhoruba za ziwa lenyewe, zile za usiku, upepo unapogeuka ukatoka nchi kavu pande zote na kukutania katikati ya maji ambako wavuvi wa omena wamewasha taa zao. Makadirio yanayonukuliwa ni kwamba ziwa huua watu kati ya 3,000 na 5,000 kila mwaka, wengi wao kwa hali mbaya ya hewa. Utabiri wa saa chache hautawanyi wingu, lakini mtu hubaki gatini.

Kericho, kwa upande wake, imeingia katika jaribio ambalo hakuna aliyelipanga. Mashine za kuchuma chai zimechukua nafasi ya mikono katika mashamba makubwa, kwa uchungu kiasi kwamba Mei 2023 baadhi zilichomwa moto na watu waliopoteza kazi. Zinapopita kuna nyayo chache juu ya tandiko la majani kuliko zilizokuwapo siku za Schnell. Kama alikuwa sahihi, viini vinavyopanda alasiri vimepungua shamba kwa shamba, kufuata tarehe ambayo kila mashine ilianza kazi. Mashamba yamekuwa yakiandika mvua ya mawe tangu enzi za roketi, kwa sababu hasara ni fedha. Kuziweka tarehe hizo mbili bega kwa bega ni kazi ya mwanafunzi mmoja wa Maseno mwenye subira, na ya kampuni moja iliyo tayari kumfungulia kabati la mafaili.